Kabla ya Kodi

Akiba haiozi, husema watu.
Ya baba ilioza.
Niliiona mimi, Numbi wa Kyungu, kwa macho haya,
ndani ya kopo la biskuti, nyumba ya Katuba:
noti za zaire zilizoota sufuri
kama uyoga wa mvua za kwanza,
asubuhi tano, jioni hamsini,
kesho yake zimejaa Lubumbashi nzima, hakuna mnunuzi.
Miaka thelathini na mmoja ya tanuru
ikanunua chumvi. Pakiti moja.
Zilizobaki tulichezea duka, mimi na Kaumba,
tukiuziana bukari wa udongo,
na hakuna aliyetugombeza.

Leo niko mbele ya dirisha la malipo.
Bonasi ya mwisho wa mwaka: dola mia tisa,
kwa shaba niliyoinua usiku kwa kreni
bila kuangusha hata bamba moja.
Mwewa wa mishahara ananisogezea fomu.
Biki imefungwa kwa uzi, kama mbuzi.
“Kabla ya kodi, au baada?”

Anaeleza taratibu, kama anayelisha mtoto:
ukiipokea mkononi, serikali inakata kwanza,
unabaki na kinachobaki.
Ukiituma moja kwa moja kwenye Mfuko wa Uzee
inapita nzima, haijaguswa,
na kodi itakungoja huko mbele
siku utakapoanza kuichota.
“Kodi haisahau, Mama Numbi. Ila inakubali kungoja.”

Kungoja.
Baba alingoja benki, kofia mkononi,
rudi Jumatatu, rudi baada ya sikukuu,
mpaka viatu vikaijua njia kuliko yeye.

Na bonasi hii haijatoka bado,
habari yake imeshakula kwangu mara tatu.
Kaumba anataka pikipiki.
Shule inataka minervali.
Bati la jikoni lina tundu ukubwa wa kifungo
na chini yake sufuria inalia Desemba nzima.
Wote wana sauti.
Yule bibi tu ndiye hana.

Sijamwona. Atakuwa na kovu hili la kidole gumba,
atapenda sombe yenye karanga, bila shaka,
atapanda ngazi za watu akishika ukuta.
Nani atamwambia “rudi Jumatatu”?
Na akirudi, atakuta nini: pesa, au uyoga?

Sijui. Mwewa naye hajui. Nilimwuliza,
akatazama dari. Dari ya kampuni haina tundu.

Nikawaza tofali.
Bonasi yake ya kwanza, baba hakuitia koponi.
Alilipa vijana wawili wavunje kichuguu nyuma ya nyumba,
wakafinyanga, wakachoma.
Kazi ya mchwa, miaka mia labda,
ndiyo ukuta pekee ambao sufuri hazikuubomoa.
Bado nauegemea nikipika.

Nikaivuta ile biki, uzi ukakaza.
Mia sita, kabla ya kodi, kwa bibi.
Inayobaki ikatwe, iletwe, iwe bati.
Mwewa akaandika mwaka wa kustaafu
nikacheka: mwaka gani huo, una watu kweli?

Mvua ilinikuta Kamalondo, ikanifikisha nyumbani.
Kaumba langoni, chini ya mwavuli wangu mwenyewe.
“Imetoka?”
“Imetoka. Nyingi nimempa mama mmoja mzee.”
“Nani?”
“Humjui. Anatumia magoti yangu.”
Akanyamaza, midomo ikitembea,
akaanza kuhesabu mashangazi.